Kabla Hujapiga Picha Ghala la Wenzako

Wiki iliyopita tulipata ugeni. Watu kumi na mmoja walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaja Newala kuona jinsi chama chetu cha msingi cha ushirika kinavyokusanya na kuuza korosho. Mimi ndiye niliyeombwa kuwaeleza, na sitaficha, nilifurahi mno. Mwaka 2011 niliondolewa kwenye kiti changu kwa sababu ya jambo hilihili la kuchukua utaratibu wa nchi nyingine na kuuleta kwetu. Leo watu wa nchi nyingine wanakuja kuniuliza mimi. Niliamka saa kumi alfajiri, nikavaa kitenge kipya.

Katika msafara ule alikuwemo binti mmoja mwenye daftari jekundu. Alipiga picha mizani. Akapiga picha kitabu cha stakabadhi, mbele na nyuma. Akainama kupiga picha vichanja vya mbao vinavyoinua magunia yasiguse sakafu, halafu akapima kwa mkono nafasi iliyoachwa kati ya magunia na ukuta. Tulielewana kwa Kimakonde, chake na changu, ila daftarini aliandika Kireno. Nilimtazama nikahisi kifua kinanibana. Binti yule alikuwa mimi mwenyewe, Addis Ababa, mwaka 2010.

Nilipoziweka picha za ugeni hapa, kijana mmoja, afisa ushirika mpya huko mkoa wa Lindi, akaniandikia: "Shikamoo mama. Mwezi ujao na sisi tunapelekwa nje kujifunza. Nikachukue nini huko?" Najua wengi mnaosoma hapa mko kwenye njia yake. Mnataka siku moja mtajwe kuwa ndio mlioleta kitu fulani wilayani. Kwa hiyo namjibu yeye, na ninyi msikie.

Nianze na aibu yangu.

Wakati ule nilikuwa afisa ushirika wa wilaya. Mfadhili mmoja alitulipia safari ya kwenda kuona soko la bidhaa la Ethiopia, ECX, lililofunguliwa mwaka 2008. Aliyelianzisha ni mwanamke mchumi, Eleni Gabre-Madhin, aliyekuwa amelitafiti soko la nafaka la nchi yake kwa miaka mingi. Mwaka 2002 mavuno yalikuwa mengi, bei ya mahindi ikaporomoka hadi wakulima wengine wakaona hasara hata kuvuna. Mwaka uliofuata mamilioni ya watu wakakosa chakula. Soko lile lilizaliwa na maumivu ya kwao wenyewe, japo umbo lake lilifanana na masoko ya bidhaa ya Chicago, Marekani.

Ukumbini wanunuzi na wauzaji walivaa makoti ya rangi tofauti, wanapigiana kelele za bei, wakigonganisha viganja biashara imekwisha. Nilisisimka. Lakini kilichouteka moyo wangu kilikuwa mbao za kielektroniki walizozifunga kwenye miji ya mikoani, ili mkulima aliye mbali aone bei ya Addis saa ileile. Nilizipiga picha kila upande. Mwenyeji wetu alitaja pia kwamba muuzaji analipwa siku inayofuata. Nililiandika hilo kwa mstari mmoja, nikaendelea kuuliza habari za ubao.

Nikarudi na ubao.

Umeme wa kuwasha mbao kama zile hatukuwa nao, basi nikatengenezesha mbao za kuandikia kwa chaki, kubwa kama za darasani, zikasimamishwa nje ya maghala ya vyama vitatu. Kila mnada ukipita, bei inaandikwa. Ripoti ya wilaya iliusifu ubao wangu kurasa mbili nzima. Mkubwa wangu wa kazi aliuwasilisha kwenye semina ya mkoa kama wazo lake. Nilikaa safu ya nyuma nikipiga makofi pamoja na wengine.

Hazikupita wiki tatu, walioufurahia ubao kuliko wote wakawa wanunuzi wa kangomba. Kwa msomaji asiyetoka Kusini, hawa ni wale wanaozunguka vijijini, mara nyingi usiku, wakinunua korosho nje ya utaratibu kwa bei ya kumnyonga mtu mwenye shida. Walikuwa wanasimama mbele ya ubao wangu wanasoma, kisha wanakwenda kwa mkulima: "Umeona bei pale? Utaipata lini, na baada ya makato mangapi? Chukua nusu yake sasa hivi, mtoto aende hospitali." Mkulima hana jibu. Ubao umemwonyesha bei ambayo hawezi kuifikia leo, na hana mlango wa pili wa kuuzia.

Yule wa Ethiopia anayeuza mahindi yake kwenye gulio la mji alikuwa na wafanyabiashara kadhaa mbele yake. Akiiona bei ya Addis anamwambia wa kwanza, "hapana, unaniibia," anakwenda kwa wa pili. Ubao kule ulikuwa silaha ya mtu mwenye uwezo wa kukataa. Mimi nilibeba silaha nikaisahau mikono inayoishika.

Mwisho wa msimu mbao mbili zilipakwa matope, moja ikang'olewa. Kwenye kikao mkubwa wangu alisema mradi ule ulikuwa "ubunifu wa afisa mmoja." Nilihamishwa. Nimeshamsamehe, ila kile kikao nakikumbuka hadi rangi ya kitambaa cha mezani.

Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kuuchimbua utaratibu tuliokuwa nao tayari, ambao siku zote nilidhani ni wetu tangu enzi. Stakabadhi ghalani nayo imetoka mbali. Marekani walikuwa na sheria ya maghala tangu mwaka 1916. Mkulima wa pamba au nafaka anapeleka mzigo ghalani, anapewa karatasi, anaipeleka benki anakopea, kisha anakaa na kusubiri bei ipande. Akitaka anauza leo, akitaka anauza baada ya miezi minne. Wazo hilo likasafirishwa Afrika na miradi ya wafadhili, Ghana na Zambia wakalijaribu miaka ya 1990. Sisi tukatunga sheria yetu mwaka 2005, na msimu wa 2007/08 korosho ya Mtwara ikaingia.

Hebu tazama kilichotokea njiani. Ghala lilifika, karatasi ikafika, mkopo wa benki nao ukafika. Kilichobaki njiani ni ile haki ya mtu mmoja kusubiri. Kwetu utaratibu ukawa wa lazima: korosho zote zipitie chama cha msingi, chama kikope benki, mkulima apewe malipo ya awali, mzigo uende mnadani, ndipo aje apewe malipo ya pili. Karatasi iliyomfanya mkulima wa Marekani awe bwana wa wakati wake, kwetu ikawa risiti ya kusubiri watu wengine waamue. Bei ya dunia ikishuka baada ya mkopo kuchukuliwa, malipo ya pili yanaliwa na riba na makato. Aprili 2013 huko Liwale, Lindi, malipo ya pili yalipokuja pungufu, nyumba zilichomwa moto.

Wengi walisema baada ya pale kwamba stakabadhi ghalani ni utaratibu wa kizungu usiotufaa. Sikubaliani nao. Mimi naona ulikuja bila kiungo kimoja, na wakulima wenyewe wakakitengeneza upya kwa mikono yao, kwa umbo ambalo Marekani hawakulijua.

Kiungo hicho ni kugoma mnadani. Oktoba 2018, mnada wa kwanza wa msimu. Nilikuwa nimestaafu, ni mjumbe wa bodi ya chama tu. Watu wamejaa, wengine juu ya miembe, barua za wanunuzi zinafunguliwa na bei inasomwa kwa kipaza sauti. Zote chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, wakati msimu uliotangulia watu walikuwa wameonja 4,000. Palikuwa kimya kidogo. Kisha mama mmoja aliyekaa chini na kanga yake ya msiba, maana alikuwa amezika siku mbili nyuma, akasema bila kupaza sauti: "Hatuuzi." Likapokelewa. "Hatuuzi! Hatuuzi!" Wanunuzi wakakunja karatasi zao, korosho zikabaki ghalani. Yaliyofuata mnayajua, Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzisomba.

Mimi nilichokiona siku ile ni kwamba haki ya kusubiri, iliyokuwa ya mtu mmoja na karatasi yake, kwetu imekuwa ya mkutano. Tunasubiri kwa pamoja au tunauza kwa pamoja. Ina ubaya wake, na lazima niuseme: yule mwenye mgonjwa ndani anashindwa kura na wasio na mgonjwa, na huyo ndiye anayefunguliwa mlango na kangomba. Lakini ni haki inayoendana na watu wanaozika kwa pamoja na kulima kwa kusaidiana. Hakuna mtaalamu aliyeiandika kwenye ripoti ya ziara.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu langu ndilo hilo. Ukifika kwa wenzako, tafuta nani anaweza kukataa, na akikataa anakwenda wapi. Usiulize sheria ni namba ngapi, utaisoma nyumbani. Usiulize mfumo unaitwaje. Uliza nani anaweza kukataa.

Mzee mmoja kwenye ule msafara alinipa mfano wa kwao, na ulinitoa machozi. Aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha kubangua korosho mkoa wa Nampula. Miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliitaka Msumbiji ipunguze kodi ya kusafirisha korosho ghafi. Hoja yao ilikuwa nzuri kwenye karatasi: wanunuzi wa nje wakiingia watashindana, na bei ya mkulima itapanda. Lakini kule porini mnunuzi anayefika ni mmoja au wawili. Mkulima akimkataa huyo, korosho inamwozea. Ushindani ukabaki bandarini, nyongeza iliyomfikia mkulima ikawa ndogo, korosho ghafi zikaenda India, na viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Baadaye bunge lao likaipandisha tena kodi ile. Mzee aliniambia siku kiwanda kinafungwa alibeba nyumbani kisu chake cha kubangulia, na anacho mpaka leo.

Umeona? Waliopeleka ushauri ule hawakuuliza nani anaweza kukataa. Na mimi na ubao wangu sikuuliza. Tulikuwa na elimu tofauti na mishahara tofauti, kosa letu moja.

Ninyi vijana mna haraka. Nawaona kwenye picha zenu, mmevaa beji shingoni, mnacheka mbele ya jengo la wenyewe. Posho imeshaingia, ripoti imeshaandikwa nusu kabla ndege haijaondoka. Mnarudi na jina la mfumo na vifupisho vyake, mkutano unaitishwa, soda zinagawiwa, na mkulima wa Tandahimba anaambiwa kuanzia msimu ujao mambo yatakuwa hivi. Acheni. Huyo mkulima ana miti aliyoachiwa na babu yake, na kila utaratibu mpya anaulipia yeye. Ukikosea, wewe unahamishwa, kama nilivyohamishwa mimi na mshahara wangu ukanifuata. Yeye anabaki na magunia.

Pia kaeni siku moja zaidi, hata kwa gharama zenu. Siku ya kwanza wenyeji wanakuonyesha wanachojivunia. Siku ya tatu wanaanza kukwambia kilichowauma kabla hawajakipata. Addis nilikaa siku mbili. Ningebaki ya tatu, pengine ningeuliza inakuwaje fedha inalipwa kesho yake, na hicho ndicho kitu ambacho kingemfaa mtu wangu wa Newala dhidi ya kangomba kuliko ubao wowote. Leo minada yetu inaendeshwa kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, bei inasomwa kwenye simu, malipo yanaingia kwenye akaunti ya mkulima mwenyewe. Ubao umerudi, upo kiganjani. Naufurahia, na sasa macho yangu yako kwenye siku za malipo, nazihesabu kila msimu.

Jioni kabla wageni hawajaondoka tuliwapeleka Shimo la Mungu, mahali ambapo uwanda wa juu unakatika ghafla na unaliona bonde la Ruvuma lote hadi kwao. Yule binti wa daftari jekundu alikuwa hajaniuliza swali hata moja siku nzima, kazi yake picha tu. Pale ukingoni akaniita pembeni. "Mama, siku ile mliposema hatuuzi, korosho zililala ghalani. Mlinzi alilipwa na nani?"

Nilimshika mkono. Tulikaa kwenye jiwe mpaka giza likaingia nikimweleza gharama za ghala zinavyohesabiwa kwa kilo, riba ya benki inavyokimbia mzigo ukiwa umelala, na jinsi chama kisicho na akiba kinavyoweza kukataa mnada mmoja, pengine miwili, wa tatu hakiwezi. Hakupiga picha. Aliandika.

Nawe kijana wa Lindi, ukirudi safari yako pitia Newala, chakula kipo. Nitakuuliza mkulima wa huko ulikotoka akiikataa bei saa nane mchana, saa tisa anafanya nini.