Mba kwa Mbwa: Soma Nyuma ya Chupa Kabla Hujampa Mafuta ya Samaki

Ukipitisha mkono mgongoni mwa mbwa kuelekea mkiani na vidole vikabaki na unga mweupe, wazo la kwanza huwa ni chupa ya mafuta ya samaki. Si wazo baya. Ila chupa nyingi huisha bila manyoya kubadilika, ama kwa sababu kipimo kilisomwa upande usio wake wa chupa, au kwa sababu tatizo halikuwa ukavu tangu mwanzo.

Anza na wadudu, maana hao unaweza kuwakagua mwenyewe. Msimamishe mbwa juu ya karatasi nyeusi, mchane kwa kitana cha meno yaliyobanana kuanzia shingoni hadi kwenye shina la mkia, kisha uinamie kilichodondoka. Chembe za mba zikisogea zenyewe, hao ni utitiri, na hakuna mafuta ya kumeza yatakayowatoa. Rudia juu ya karatasi nyeupe. Sasa tafuta punje nyeusi, uziweke kwenye pamba iliyoloa. Zikitoa rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, na rangi hiyo ni damu ya mbwa wako. Mabaka yaliyonyonyoka, vidonda, harufu ya mafuta yaliyochacha, au mbwa anayenenepa na kuzubaa bila kula zaidi, hayo mpelekee daktari wa mifugo kwanza. Tezi ya thairoidi ikizembea, ngozi nayo hukauka. Na kama anaogeshwa kila wiki kwa sabuni ya binadamu, huenda dawa ikawa ni kuiacha hiyo sabuni tu.

Akishavuka hapo, geuza chupa. Ile miligramu 1000 iliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa ni uzito wa mafuta yote yaliyomo kwenye kidonge. Kinachosaidia ngozi ni asidi za mafuta ziitwazo omega-3, za aina mbili, EPA na DHA, na hesabu yake iko nyuma kwa herufi ndogo. Kidonge cha kawaida cha miligramu 1000 huwa na EPA 180 na DHA 120, yaani 300 tu za maana. Anayehesabu 1000 humpa mbwa chini ya theluthi ya anachodhani anampa, kisha hulaumu mafuta.

Kwa ngozi, lenga miligramu 50 hadi 75 za EPA na DHA kwa pamoja, kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Mbwa wa kilo 10 anahitaji 500 hadi 750, kwa hiyo vidonge viwili vya kawaida vinampa 600 na vinatosha. Wa kilo 25 atahitaji vitano. Akizidi kilo 30, baki upande wa chini wa kipimo, kwa sababu mahitaji hayapandi sawasawa na uzito. Vidonge vikishakuwa vingi hivyo, ni afadhali kununua mafuta yaliyokolezwa.

Usianze na kipimo kizima. Wiki ya kwanza mpe robo, ya pili nusu, ya tatu robo tatu, kisha kamilisha. Toboa kidonge kwa sindano ukamulie juu ya chakula, usimpe tumbo likiwa tupu. Kinyesi kikilainika, rudi hatua moja nyuma kwa siku chache. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, kwa hiyo vidonge vitano ni kama 45 kila siku. Punguza chakula kidogo, la sivyo utaponya ngozi na kupata mbwa mnene. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho asipewe bila daktari. Akikaribia upasuaji, au akiwa kwenye dawa za maumivu, mtajie daktari mafuta hayo, kwani yakiwa mengi hupunguza uwezo wa damu kuganda.

Mafuta ya ini la chewa ni kitu kingine kabisa. Yana vitamini A na D kwa wingi, na ukifikisha kipimo cha omega-3 kwa mafuta hayo unaweza kuzizidisha hizo vitamini hadi zimdhuru. Mafuta ya kitani yana omega-3 ya mimea, ambayo mwili wa mbwa huibadilisha kuwa EPA kwa kiasi kidogo sana. Ya nazi karibu hayana omega-3; sifa zake zimezidi kazi yake.

Mbwa anayekula chakula kinachopikwa nyumbani, kilichojaa wanga na nyama isiyo na mafuta, mara nyingi anakosa asidi ya linoleiki, ile inayoziba ngozi isipoteze maji. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kwa mbwa wa kilo 10, yasiyowahi kukaangiwa, humsaidia kuliko samaki. Mayai mabichi nayo yaache: ute wake hushika biotini, moja ya vitamini B, isifyonzwe.

Zinki usijaribu kwa kubahatisha. Baadhi ya mbwa wa aina ya Siberian Husky na Alaskan Malamute huihitaji kwa sababu matumbo yao hayaifyonzi vizuri, na dalili yake ni magaga kuzunguka macho na mdomo. Ikizidi, huvunja chembe nyekundu za damu. Na kila kirutubisho kilichotengenezewa binadamu, hasa cha kutafuna au chenye ladha tamu, kagua kama kina xylitol. Kiongeza utamu hicho, kinachotumika badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo.

Chupa ikishafunguliwa iweke kwenye friji. Ikianza kunuka kama rangi ya mafuta, itupe, maana mafuta yaliyochacha humaliza vitamini E ya mbwa badala ya kumfaa.

Tabaka la juu la ngozi ya mbwa hujifanya upya kwa takriban wiki tatu, ndiyo maana wiki mbili hazionyeshi kitu. Piga picha kila baada ya wiki mbili, sehemu ileile, kwenye mwanga uleule. Hukumu baada ya wiki 8, ukivumilia sana 12. Mba ukiwa uleule, usinunue chupa nyingine. Nenda na hizo picha kwa daktari, ngozi ikwanguliwe na kuangaliwa kwa hadubini.