Siku Mashine Yangu Ilipokunywa Chai ya Maziwa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimeagiza mashine ya haidroliki ya kufyatulia tofali. Nimepata oili nusu bei, nichukue?" Nikacheka, halafu roho ikaniuma. Swali hilo hilo niliwahi kuuliza mimi, ila nilimwuliza muuzaji.

Wakati huo nilikuwa na mashine moja, Kibaha, na deni la benki. Oili ilikuja kwenye pipa lisilo na lebo. Jamaa akaniapia ni safi, nami nikajisifia kijiweni kwa kupata dili. Wiki ya tatu mashine ikaanza tabia: asubuhi inakandamiza vizuri, ikifika saa saba mchana inalegea, tofali linatoka limemeguka pembe. Pampu inalia. Nikamlaumu kijana wa kuchanganya zege, nikamfukuza. Mpaka leo hapokei simu yangu.

Fundi alipokuja hakushika spana kwanza. Alichota oili kwenye chupa ya maji ya kunywa, akainyanyua juani. Nyeupe, chai ya maziwa kabisa. "Bosi, humu mna maji." Kufungua pampu, ukuta wa ndani una michirizi unayoihisi kwa ukucha. Pampu mpya, siku kumi na moja bila tofali hata moja, na benki hawajui habari za oili.

Sasa sikilizeni. Oili hiyo ndiyo inayosukuma, ndiyo inayolainisha, ndiyo inayobeba joto. Ikiwa nyepesi mno, ikishapata moto inavujia humo humo ndani ya pampu na nguvu inapotea. Oili bora ina viungo vya kuzuia kulika kwa chuma, kutu na povu, na inajitenga na maji upesi. Namba 46 au 68 kwenye lebo ni kipimo cha mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka, kwenye joto la nyuzi 40 za Selsiasi. Fuata kibao cha mashine, si kijiwe. Nunua yenye lebo. Narudia: yenye lebo! Mtu anakopa mamilioni ya mashine, halafu ubahili wote anaumalizia kwenye ndoo ya lita 20.

Kuna na kosa la kwangu, fundi alinitolea mbele ya vijana wangu. Pipa nililisimamisha nje masika yote. Maji hutuama juu ya mfuniko. Pipa likipata jua linapumua, likipoa linavuta, na maji yanapita kwenye nyuzi za kizibo. Kwa hiyo huenda maji hayakuwa ya yule jamaa. Oili nyepesi ilikuwa yake, lakini.

Siku hizi mapipa yangu yanalala chini ya paa, vizibo vyote viwili usawa mmoja, kushoto na kulia, ili oili ivifunike kwa ndani. Na hata oili mpya naimimina kwa kupitisha kwenye filta. Ile pampu iko mezani ofisini. Ukipita Kibaha, ingia uipapase.