Jibu: Mashine ya dizeli na jenereta kwenye jahazi la kulala wageni, usihesabu saa peke yake

Ndugu, hongera kwa chombo. Umesema kiko Lamu, kina mashine ya dizeli ya silinda tatu na jenereta ya friji na feni za wageni wanaolala chomboni, na fundi amekuambia ubadilishe oili kila saa 250, basi. Hiyo ni hesabu ya trekta linaloshinda shambani. Chombo cha wageni kinaishi maisha mengine: unawasha mashine kidogo kuvuka kutoka Shela hadi upande wa Manda, unazima, unatweka tanga. Halafu zinaingia mvua za Aprili na Mei, inakaa wiki kadhaa bila kuguswa. Nimeishi na mashine hizi muda mrefu, na zilizokufa kwa kazi nyingi ni chache mno. Zinauawa na chumvi, na maji yaliyoingia kwenye dizeli, na kukaa bure.

Kwa hiyo oili badilisha kila saa 100 hadi 150, au kila msimu hata kama saa hazijafika. Ibadilishe kabla hujakiweka chombo kando. Usingoje hadi unapokirudisha kazini, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi, na miezi ile ya kukaa ndiyo asidi inapata nafasi ya kula beringi. Kila asubuhi chomoa kijiti cha oili uitazame. Ukiiona imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe, ita fundi.

Sasa dizeli, na hapa ndipo ningekuomba uwe mkali kuliko kwingine kote. Sisi huku mafuta tunayanunua kwa mapipa na madumu, na dumu likishapanda mashua na kushuka gatini huwezi kujua limepitia nini. Liache litulie usiku kucha. Asubuhi mimina kwa faneli yenye chujio, na kile kidogo cha chini usikimimine kabisa. Tangi lijaze kabla ya kulala, maana tangi lililo nusu hutoa jasho kwa ndani usiku, na jasho hilo ni maji. Maji yakikaa chini ya dizeli huota vijidudu, unaanza kuona utelezi mweusi unaoziba filta. Weka filta mbili: ya kwanza yenye bakuli la kutenga maji, ya maikroni 10, na ile ndogo ya kwenye mashine yenyewe. Bakuli lifungue kila asubuhi umwage hadi itoke dizeli safi. Inachukua dakika moja, na hakuna kazi nyingine chomboni yenye faida kubwa kwa muda mdogo hivyo.

Kila ukibadilisha filta lazima utoe upepo. Mwambie fundi akufundishe na ufanye mwenyewe mbele yake: unalegeza skrubu ya juu ya filta, unapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, unakaza, unahamia kwenye pampu ya nozo. Mashine ikizima katikati ya Mkanda, ule mkondo kati ya Manda na bara, maji yakipwa, fundi hayupo. Ila kidole kisikaribie nozo, yaani kile kinachopulizia dizeli ndani ya silinda, ikiwa inatema. Dizeli ya presha ile hupenya ngozi, na hapo ni hospitali mara moja.

Upozaji. Ukiwasha tu, nenda tezi, yaani nyuma ya chombo, ukatazame maji yanavyotoka kwenye ekzosi. Yakipungua, zima kwanza, uliza baadaye. Kwenye mkono wa bahari wa Takwa, kule Manda, na Mkanda matope na majani ya mikoko yanavutwa ndani, kwa hiyo chujio la maji chumvi lisafishwe kila safari ya huko. Impela ya mpira, kile kigurudumu chenye majani ndani ya pampu ya maji chumvi, badilisha kila mwaka hata kama inaonekana nzima, na ikikatika jani, litafute mpaka ulipate, kwani limeshakwenda kuziba mbele. Zinki iliyo ndani ya kipoozeo, inayowekwa ili iliwe yenyewe badala ya kipoozeo, ibadilishwe ikiliwa nusu. Ikiisha, chumvi inaanza kula kipoozeo chenyewe. Ukipandisha chombo mchangani wakati wa bamvua, maji makubwa, kwa kukwangua na kupaka, kwangua pia tundu la kuingiza maji. Watu wanahangaika na kalafati ya kuziba mianya na deheni ya kupaka mbao, tundu lile wanalisahau limejaa chaza.

Jenereta ina ugonjwa wake: kupewa kazi ndogo. Wengi wamefunga ya kilowati 8 ili iendeshe friji na feni zisizofika kilowati 1. Dizeli ikizunguka hivyo haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, ekzosi inatoa utando mweusi wa mafuta na silinda inang'aa hadi ringi hazishiki. Ipe angalau theluthi ya uwezo wake. Iwashe saa chache, uiunganishie vyote pamoja: chaja ya betri, pampu ya maji, friji. Kisha izime, usiku feni zitumie betri. Betri za asidi usizishushe chini ya volti 12.2, hiyo ni kama nusu.

Nimeona wengine wakiweka jenereta ndogo ya petroli pale tezi, karibu na wanapolala watu. Tafadhali usifanye hivyo. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu, na upepo wa nyuma huurudisha ndani. Mwaka 2000, kwenye Lake Powell huko Marekani, ndugu wawili watoto walikufa wakiogelea nyuma ya boti ya kuishi, jenereta ikitoa moshi chini ya jukwaa la kuogelea. Baada ya hapo wachunguzi wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, walihimiza bomba la moshi lipande juu, lipite paa. Hata ya dizeli yako, peleka moshi juu na mbali, weka kengele ya gesi hiyo kila palipo na kitanda, na mtu asiogelee tezi jenereta ikiwaka. Petroli usiiweke chini. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka kukaa kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, ukisubiri cheche.

Wakati wa kusi, chombo kikiwa kimefungwa, mashine zote mbili ziwashwe kila wiki mpaka zipate moto kweli. Jenereta ipe mzigo. Mashine kubwa itie gia chombo kikiwa kimefungwa imara. Dakika tano za kusikia mlio tu zinaacha maji ndani ya oili.

Hujasema mashine yako inapozwa kwa maji chumvi moja kwa moja au ina maji baridi, yasiyo na chumvi, yanayozunguka ndani, na kiwiko cha ekzosi kina umri gani. Piga picha za vyote viwili uziweke hapa. Kama kiwiko kimepita miaka mitano, kifungue kabla ya kaskazi. Kwa ndani huziba kwa masizi na chumvi huku nje kikionekana kizima, na kikitoboka maji yanarudi kwenye silinda.