Kuchemsha maji hakuondoi kinyesi cha kuku wa jirani

SWALI: Jirani yangu hapa Kigamboni amejenga banda la kuku wa nyama mita kama 15 kutoka kisima changu kifupi, upande wa juu. Fundi aliyekichimba anasema nichemshe tu na kutia klorini. Mjukuu wangu wa miezi miwili anatumia maziwa ya kopo. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, mama. Kwa huyo mtoto, kuchemsha kunaweza hata kuongeza tatizo.

Kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi, na bakteria wa udongo huigeuza kuwa naitrati. Mchanga wa pwani hauishiki; masika ikinyesha inashuka moja kwa moja kwenye maji. Moto unaua vijidudu, na naitrati si kijidudu. Bandika sufuria ya lita mbili zenye miligramu 45 kwa lita, yatokote mpaka ibaki lita moja na nusu: mvuke umekwenda zake, naitrati imebaki yote, sasa una miligramu 60. Shirika la Afya Duniani linaishia 50. Klorini haiiondoi, shabu haiiondoi, chujio la mkaa vilevile.

Halafu kuna hawa mafundi wanaoonja maji kiganjani na kutangaza "matamu, safi kabisa". Wameonja nini? Naitrati haina rangi wala harufu, na ulimi hauwezi kukwambia iko kiasi gani.

Peleka maji maabara na utaje naitrati kwa jina, la sivyo unaweza kupimiwa bakteria tu. Majibu yakiandikwa "naitrati kama naitrojeni", kikomo ni 11, si 50. Wapo wanaoshangilia 20 wakidhani iko chini ya 50. Kwa sasa maziwa ya mtoto yakorogwe kwa maji ya chanzo kingine kilichopimwa. Midomo au kucha za mtoto zikiwa za bluu au kijivu, ni dalili kwamba naitrati imeizuia damu yake kubeba oksijeni: hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu umbali, kila mtu ananitajia mita 30. Umbali huo huwapa vijidudu muda wa kufa njiani, naitrati haifi. La kuangalia kwanza ni maji ya ardhini yanaelekea wapi, na mara nyingi hufuata mteremko, yaani kwako. Viwanja vya 20 kwa 20 vyenye choo, banda na kisima pamoja havina dawa ya dukani. Hata unga wa kukata harufu bandani unatuliza pua tu: amonia isiporuka hewani, naitrojeni inabaki kwenye maranda, na maranda hayohayo yanamwagwa nyuma ya nyumba. Jirani ayarundike juu ya sakafu ya saruji, chini ya paa, mpaka mwenye shamba aje kuyachukua.