Jibu: Miunganisho ya ubongo kufifia kwa wagonjwa wa kifafa

Habari, ndugu. Unauliza kama miunganisho kati ya sehemu za ubongo zilizo mbali kufifia kwa wagonjwa wako, huku ya zilizo karibu ikikolea, kunaletwa na kifafa chenyewe. Fungua kwanza faili la mwendo wa kichwa. Kwenye SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo, ni lile linaloanza na rp_, safu 6: 3 za kusogea, 3 za kuzunguka. Kichwa kikicheza hata nusu milimita ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, hutoa muundo huohuo; mtafiti Power na wenzake walilionyesha hilo 2012. Linganisha mwendo wa makundi yote mawili, ondoa picha ambazo kichwa kilisogea zaidi ya milimita 0.5 tangu picha iliyotangulia (wengine hukaza hadi 0.2), chora ramani ya miunganisho upya. Ila usitupe data yote ya mgonjwa kwa picha chache mbovu, bei ya kupima kwa mashine hapa Nairobi unaijua. Na dawa wanazomeza, umeziandika? Nazo huenda zinagusa miunganisho.