Maswali ya wasomaji: Konokono umemsimulia vizuri, hoja iko wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Uingereza kwenye mwaka wa matayarisho, upande wa sheria na sayansi za jamii, na mwakani natarajia kuanza shahada ya sheria. Mtihani wa Kiingereza niliufaulu vizuri kabla ya kuja. Insha yangu ya kwanza ilihusu kesi ya Donoghue na Stevenson. Imerudi na alama 58 na maneno mekundu pembeni: "Unasimulia mno, huchambui." Sijawahi kupata chini ya 80 tangu nianze shule. Nirudi kwenye masomo ya Kiingereza?
Mwenye 58

JIBU: Marahaba, mwanangu. Futa machozi kwanza. Katika vyuo vya Uingereza 40 ndiyo alama ya kufaulu na 70 ni daraja la kwanza. Hiyo 80 uliyoizoea huku hutolewa kwa nadra sana. Daraja la pili la juu linaanzia 60, kwa hiyo wewe uko mlangoni, na kwa insha ya kwanza hapo si pabaya.

Masomo ya Kiingereza achana nayo. Mhadhiri hakusema hakuelewi. Amekuelewa mpaka akachoka. Nimesahihisha insha za madarasa ya matayarisho kwa miaka mingi, na ya kwako naweza kuikisia bila kuiona. Aya ya kwanza inatangaza kwamba tangu mwanzo wa dunia binadamu amehitaji sheria. Ya pili, Bi Donoghue anakunywa soda. Ya tatu anaumwa tumbo. Ya nne anakwenda mahakamani. Kisha hitimisho: kesi hii ni muhimu sana. Nani kabisha?

Hebu tuifanye pamoja. Agosti 1928, mjini Paisley, Uskoti, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi mgahawani, katika chupa ya kioo cheusi kisichoonesha ndani. Alikuwa amekwisha kunywa kiasi. Iliyobaki ilipomiminwa, kwa madai yake, yakatoka mabaki ya konokono aliyeoza. Akaugua, akamshtaki mtengenezaji wa soda, David Stevenson. Basi, kisa kimekwisha, na kwenye insha huhitaji zaidi ya hapo.

Sasa niambie: katika hayo yote, ni jambo gani lenye uzito wa kisheria? Wanafunzi wengi hunijibu konokono. Mimi nasema ni rafiki. Kwa kuwa rafiki ndiye aliyelipa, Bi Donoghue hakuwa na mkataba na mtu yeyote, hata na mwenye mgahawa, na kwa sheria ilivyoeleweka na wengi wakati ule, asiye na mkataba alikuwa na nafasi finyu mno ya kumdai mtengenezaji. Ndiyo maana swali lililofika Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lilikuwa mahakama ya rufaa ya mwisho, halikuwa la usafi wa chupa. Lilikuwa hili: mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji asiye na mkataba naye? Mwaka 1932 malodi watatu wakasema anao, wawili wakasema hana. Lord Atkin akaweka kanuni ya jirani: ujihadhari na matendo ambayo unaweza kuona mbele kwamba yatamdhuru yule anayeguswa nayo kwa karibu. Lord Buckmaster akakataa katakata. Yeye aliuliza, tukikubali hatua moja, kwa nini tusikubali hamsini?

Jambo jingine ambalo wengi hulipita mbio: hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kwamba konokono alikuwamo. Malodi waliamua kwa kuchukulia kuwa madai ni ya kweli, wajue tu kama yanatosha kisheria. Baadaye shauri likaisha kwa mapatano, Stevenson mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Insha inayosema "mahakama iligundua konokono" inaniambia mwandishi alisoma muhtasari, hukumu hakuifungua.

Zoezi langu kwako ni hili, na usilikimbie. Andika ukurasa mmoja ukimtetea Buckmaster, ndiyo, aliyeshindwa. Mtetee kwa moyo wote, kana kwamba amekulipa ada. Kesho yake mjibu. Halafu chukua kesi ya Grant dhidi ya Australian Knitting Mills, iliyochapishwa kwenye ripoti za 1936. Dakta Grant alivaa nguo za ndani za sufu zilizokuwa na mabaki ya kemikali za kiwandani, akapata ugonjwa mbaya wa ngozi. Watengenezaji wakajitetea kwamba chupa ya Stevenson ilizibwa hadi kwa mnywaji, lakini nguo zao zilifungwa kwenye karatasi tu, njiani yeyote angeweza kuzifungua. Privy Council mjini London, iliyokuwa mahakama ya rufaa ya mwisho kwa kesi za Australia, haikushawishika: cha msingi ni kwamba bidhaa imemfikia mtumiaji na kasoro ileile iliyotoka nayo kiwandani. Je, huo ni upanuzi wa haki wa kanuni ya Atkin, au ni hatua ya pili kati ya zile hamsini za Buckmaster? Siku utakayoandika "kesi hizi zinatofautiana kwa hili, na tofauti hiyo haina uzito kwa sababu hii", 60 utakuwa umeiacha nyuma.

Kwenye sayansi za jamii utakuta ugomvi wa namna hiyohiyo, ila majaji hawapo. Mwaka 1897 mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alitumia takwimu za kujiua kudai kwamba jamii yenye mshikamano hafifu hupoteza watu wengi zaidi. Waprotestanti, alisema, hujiua kuliko Wakatoliki. Mwanafunzi msimulizi huishia hapo na kutia nukta. Mchambuzi huuliza: aliyeandika kwenye daftari kwamba kifo hiki ni cha kujiua na kile ni cha ajali ni nani? Kama katika jamii fulani familia zina sababu nzito zaidi ya kuficha, takwimu inapima kujiua au inapima kuficha? Wapo wanasosholojia waliomkabili Durkheim kwa swali hilohilo miongo mingi baadaye. Na wewe unaruhusiwa kuliuliza, hata kama ni mgeni na una miaka kumi na minane. Tena hilo ndilo wanalokulipisha ada ulifanye.

Na ile aya ya mwanzo wa dunia, ifute.

SWALI: Mwalimu, binti yetu anasoma matayarisho hayohayo Uingereza. Alikwenda kwa ajili ya sheria, sasa ameipenda sosholojia. Baba yake hataki kusikia, anasema uwakili umepotea. Tufanyeje?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Mama, salaam kwako na kwa mzee. Uwakili haujapotea. Uingereza na Wales, tangu utaratibu mpya ulipoanza 2021, anayetaka kuwa solisita, yaani wakili wa aina ya kawaida zaidi huko, anahitaji shahada ya fani yoyote au sifa inayolingana nayo, mtihani wa taifa wenye sehemu mbili, miaka miwili ya kazi za kisheria inayokubalika, na kuthibitishwa kuwa ni mtu mwadilifu. Shahada ya sosholojia haimfungii mlango huo. Marekani, kwa kawaida, sheria yenyewe husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa miaka mitatu, na wanaoingia huko hutoka kwenye fani za kila namna.

Kinachopaswa kumkosesha mzee usingizi ni kitu kingine, na yeye hajakiuliza: binti atafanya kazi nchi gani? Sosholojia inavuka mipaka bila kuulizwa. Shahada ya sheria huulizwa kila mpaka, kwa sababu chombo kinachoandikisha mawakili katika kila nchi ndicho kinachoamua shahada ipi ya nje inakubalika na mitihani gani iongezwe. Kuna nchi zinazofuata kesi za mahakama kama Uingereza, na kuna zinazojengwa juu ya sheria zilizoandikwa kwa mkusanyo kama Ufaransa. Kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni kama kuanza upya nusu ya safari. Awaandikie hao wa nchi anayoilenga, apate jibu kwa maandishi, kabla hajachagua shahada. Jibu hilo mzee alisome mwenyewe, kisha muongee. Mkimlazimisha sasa, mtapata mwanasheria wa alama 45.

SWALI: Mwalimu, programu ya chuo ya kulinganisha maandishi imesema insha yangu inafanana na maandishi mengine kwa asilimia 31. Nimeshikwa na hofu. Mimi ni mwizi?
Asiyelala

JIBU: Sijui, na programu haijui pia. Asilimia ni hesabu ya maneno yanayofanana. Hukumu inatolewa na mtu. Fungua ripoti uangalie rangi zimeangukia wapi. Zikiwa kwenye orodha ya marejeo, kwenye swali la insha ulilolinakili juu, na kwenye manukuu uliyoyatia alama za kunukuu, lala salama. Zikiwa kwenye aya zako mwenyewe, pale ulipobadilisha neno mojamoja na kuacha sentensi ya mwandishi uliyemsoma imesimama vilevile, hapo una kazi, hata kama asilimia ni 6. Funga kitabu, eleza hoja kwa sauti, andika ulichosema, kisha taja ulikoitoa.

Na kama unasoma sheria pamoja na sosholojia, angalia usichanganye mitindo. Insha ya sheria Uingereza kwa kawaida hufuata OSCOLA, mtindo wa kutaja marejeo ya kisheria: marejeo yanakaa chini ya ukurasa kwa namba. Wa sayansi za jamii wengi hutaka jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano, palepale kwenye sentensi. Kijitabu cha kila idara kinasema wanataka upi. Kisome usiku huu huu, maadamu huna usingizi.