Hofu ya usiku: nisali vipi?

SWALI: Nikilala moyo hunienda mbio. Nasoma sura nzima za Biblia lakini sishiki kitu. Je, imani yangu ni haba?

JIBU: Hapana, mpendwa. Zaburi 56:3 yasema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Mwenye kutumaini ndiye huyo huyo mwenye hofu. Ila akili iliyotaharuki haibebi sura nzima. Shika mstari huo mmoja wiki yote. Vuta pumzi ukisema moyoni "siku ya hofu yangu", itoe polepole zaidi kwa "nitakutumaini Wewe", dakika 5. Usiharakishe: kutoa pumzi taratibu ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo.

Kisha, kwa kufuata Wafilipi 4:6, andika haja moja waziwazi ("naogopa majibu ya vipimo") na jambo moja la kushukuru. Wengi huruka shukrani, na sala hugeuka kuwa kuhesabu hofu upya.

Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji. Kwa hiyo usingizi ukikosekana wiki 2, mwone daktari pia, wala usione haya. Ukiwaza kujidhuru, tafuta msaada saa hiyo hiyo.